Dawati la Radhi

Katika nchi hiyo, ambayo haipakani na yenu popote, mwanamke akijikwaa barabarani huliomba radhi jiwe kwanza, halafu barabara, halafu taifa. Mwanamume akijikwaa, huundwa tume ya kulichunguza jiwe. Hakuna aliyeona ubaya wowote katika utaratibu huo, maana ulikuwa umechapwa vizuri, una nembo juu na mhuri chini.

Na kwa kuwa si kila mwanamke amejaliwa maneno, serikali, kwa huruma yake, ilifungua Dawati la Radhi katika jengo la Shirika la Utangazaji, juu ya Kilima cha Minara. Hapo ndipo alipofanya kazi Semeni, binti wa Bi. Kidawa wa Bondeni, msichana wa miaka ishirini na sita mwenye stashahada ya uandishi, aliyoitundika ukutani mahali ambapo wenzake walitundika kalenda. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia wanawake radhi za kusoma hewani.

Msimdharau, aliijua kazi yake. Mke wa katibu mkuu alipopiga chafya katikati ya wimbo wa taifa, ni Semeni aliyemwandikia, na watu walioisikia radhi ile walitamani chafya irudiwe. Mwalimu mmoja wa hesabu, ambaye magazeti yalijadili makalio yake kwa wiki mbili mfululizo, aliyaombea radhi makalio hayo kwa maneno ya Semeni mpaka wazee wakatoa leso mifukoni. Semeni alikuwa akisimama nyuma ya kioo cha studio, midomo ikicheza pamoja na msomaji, akijiambia kwamba anawasaidia. Radhi nzuri, aliamini, ni kama sindano ya mganga mwenye mkono mwepesi: inaingia, inatoka, mtu anakwenda zake nyumbani.

Jina lake alipewa na bibi yake. Mama alipokuwa na mimba, majirani walikuwa na mengi ya kusema juu ya mimba hiyo, na mtoto alipozaliwa bibi alitoka barazani naye mikononi, akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Anaitwa Semeni. Haya, semeni." Hiyo ilikuwa zamani, kabla kusema hakujawekewa ratiba.

*

Ratiba ilikuwa Jumatano, saa kumi alasiri, kipindi cha *Tumtazame*, runingani na redioni kwa pamoja. Mwanamke wa wiki hiyo alikalishwa juu ya kigoda kinachozunguka ili taifa limwone pande zote. Wasio na runinga hawakuonewa: mtangazaji, Bi. Salha, mwenye sauti ya mtu anayemfunika mtoto shuka, aliwasimulia alivyovaa, alivyokaa, na kama kisigino kimepasuka.

Kisha zilipiga simu Kamati za Macho. Kila mji ulikuwa na kamati yake ya wanawake kumi na wawili. Wanaume hawakuruhusiwa humo, kwa sababu serikali ilisema waziwazi kwamba wanaume kuwahukumu wanawake ni dhuluma. Wanawake walipewa haki hiyo wenyewe, pamoja na fomu na kalamu.

Kipindi kilifungwa kwa radhi. Sheria yake ilikuwa fupi: radhi isomwe yote, mtu yeyote asiikatize, na kipindi kisifungwe mpaka radhi ipatikane, ila kwa saini ya waziri. Sehemu ya mwisho haikuwahi kutumika. Nani angekataa?

Mwenyekiti wa Kamati ya Macho ya Bondeni alikuwa Bi. Kidawa, mama yake Semeni. Alikuwa na kigoda chake mwenyewe cha kukalia na miwani ya kazi, na mtaani hakuna mwali aliyethubutu kupita mbele ya baraza yake bila kujikagua mara mbili.

*

Bondeni ni mji ulio chini ya ukuta wa Bwawa la Fahari, chini kabisa, kiasi kwamba jua la asubuhi huchelewa kufika huko, na watu hulisamehe.

Jumatatu moja, Mhandisi Asumini Ngwali, aliyekuwa mkaguzi wa ukuta huo, aliwaita waandishi wa habari. Alikuja na futi ya kupimia na buti zenye tope.

"Ukuta una ufa," alisema. "Mwaka jana nilipenyeza kidole. Leo nimepenyeza mkono mpaka kwenye kiwiko. Mvua kubwa ikinyesha milimani, ukuta huu hautastahimili. Watu wa Bondeni wahamishwe."

Jioni runinga ilitangaza: *Mhandisi ajitokeza bila hereni.* Asubuhi gazeti likaweka picha ya buti ukurasa wa mbele, na chini yake: *Asumini: ana miaka 41, hana mume, ana ufa.* Ukurasa wa nne kulikuwa na mtaalamu wa saikolojia aliyeeleza kwa nini wanawake wasioolewa hupenda kuangalia kuta.

Akaitwa *Tumtazame*. Asubuhi ya Jumatano alishuka kwenye Dawati la Radhi na daftari lake kwapani.

"Wewe ndiye unayeandika?"

"Ndimi, dada. Karibu. Unataka ya machozi au ya heshima?"

"Nataka watu wahame."

Semeni akatazama orodha yake. "Hiyo hatuna."

Asumini akavuta kiti, akakaa bila kualikwa. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala kwa sababu za maana. "Kwenu wapi, mdogo wangu?"

"Bondeni."

"Jikoni kwenu pakavu?"

Semeni akaikunja orodha yake. Sikukuu iliyopita alikuwa amesaidia kuhamisha gunia la unga kutoka ukutani, kwa sababu sehemu ya chini ilikuwa imelowa, na mama yake alisema ni jasho la nyumba.

"Mawingu yameshaanza kukusanyika milimani," alisema Asumini. "Nawapa wiki moja. Zikizidi siku mbili, ni bahati."

Asumini alipotoka nje kuvuta pumzi, Semeni alipiga simu nyumbani.

"Mama, hameni. Njooni hata kwangu, chumba kitatosha."

"Nihame? Mimi mwenyekiti, nionekane nakimbia na magodoro kichwani kwa sababu ya mwanamke wa mabuti? Watu watasema nini?"

"Mama, jikoni kunavuja."

"Kunavuja kwangu tu? Kunavuja kwa wote. Mbona wenzangu hawasemi? Na bibi yako yule kitandani nimbebe vipi? Hebu fanya kazi yako, mwanangu, leo tuna kipindi."

Semeni akakata simu, akakaa. Ndipo alipokumbuka sheria. Gazeti lingeweza kukata maneno ya Asumini. Runinga ingeweza kuyafunika kwa hereni. Kitu kimoja tu katika nchi nzima hakikatizwi, na kila mtu hukisikiliza akiwa ameacha kazi yake. Akavuta karatasi, akaandika kwa saa tatu, akaandika vizuri kuliko alivyowahi kuandika.

*

"Gauni la kijivu," Bi. Salha aliwasimulia wa redioni, kigoda kikizunguka. "Nywele... tuseme zipo."

Simu zikaanza.

"Mikoroshini hapa, Bi. Salha. Mimi sina neno naye, ila hizo nywele!"

"Sema, shoga, usinionee haya."

"Mtu unakwenda kutangaza habari ya ukuta hujasuka? Si angesuka kwanza? Ukuta upo tu, hauendi mahali."

"Kwa jinsi anavyotukazia macho," alisema wa mji mwingine, "ningekuwa ukuta mimi ningepasuka kitambo."

Wakacheka nchi nzima. Asumini alikaa, mikono juu ya daftari.

"Bi. Kidawa, Kamati ya Bondeni. Mimi naishi chini ya ukuta huohuo. Jikoni kwangu maji yanatoka tangu Ramadhani na hakuna aliyenitisha. Huyu katutisha. Na katutisha bila hata kutuamkia!"

"Nimekusikia, dada yangu," alisema Bi. Salha. "Asumini, soma radhi yako."

Asumini akasimama. Akasoma bila kupandisha sauti:

"Nawaomba radhi, watu wa Bondeni, kwa kuwa ufa umekuwa mpana kuliko mkono wangu. Nawaomba radhi kwa kuwa ukuta hautazivuka mvua zinazokuja, na mimi nimepima, nikapima tena, nikaomba nimekosea, na sikukosea. Nawaomba radhi kwa kuwa sikuja mlango kwa mlango kuwaambia: bebeni watoto, bebeni wagonjwa, acheni vyombo, pandeni kilimani. Vyombo vitanunuliwa. Nawaomba radhi kwa kuwa nasema haya nikiwa nimesimama mahali pakavu."

Nyuma ya kioo Semeni alishikilia ukingo wa meza. Alikuwa akisubiri kelele, milango ya Bondeni ifunguliwe, watu wapigiane hodi.

Simu ya kwanza ilikuwa ya mtu anayelia.

"Tisa kwa kumi, Bi. Salha. Pale pa 'bebeni wagonjwa', mwenzangu, nimeshindwa kujizuia."

"Mimi nimependa alivyovuta pumzi kabla ya 'vyombo vitanunuliwa'. Amejirekebisha huyu."

"Tisa na nusu! Ile nusu tumekata kwa sababu ya buti."

Kipindi kilipokwisha, mama yake alimpigia. "Semeni, leo umetuua! Tumeirekodi. Tutaisoma kwenye harusi ya binti wa jirani yetu Mwanaisha."

"Mama, umesikia ilichosema?"

"Nimesikia, mwanangu. Tamu."

"Inasema mhame."

"Eeh! Hapo ndipo patamu zaidi."

Semeni akaweka simu mezani. Miaka minne alikuwa ameifundisha nchi kusikiliza sauti ya maneno na kuacha maneno. Wanafunzi wake walikuwa wameelewa somo.

Asumini alipelekwa mapumziko katika Nyumba ya Tabasamu, ambako wanawake waliochoka hufundishwa kukaza mashavu. Buti zake ziliachwa mapokezi. Hajaonekana tangu siku hiyo, na hilo si jambo la kutia wasiwasi, kwa sababu hakuna ofisi yoyote iliyotangaza kuwa ni la kutia wasiwasi.

*

Jumamosi mvua zilianza milimani. Bondeni kulikuwa na jua zuri la kuanikia.

Jumatatu Semeni aliitwa na Mkurugenzi, Bwana Msabaha, mtu aliyezoea kuongea kama anayezindua kitu.

"Binti," alisema, akiigusa radhi ile kwa ncha ya kalamu kama kitu kilichokufa, "karani wetu mmoja, anayesoma polepole, amegundua jambo. Humu ndani mna taarifa."

"Taarifa, mheshimiwa?"

"Vipimo. Mahali. Hali ya hewa! Radhi, binti, ni chombo kitupu, na uzuri wake ni kulia kinapogongwa. Wewe umetia kitu ndani. Mwanamke ni uso wa taifa. Uso hauendi kupima kuta. Uso hunawishwa, hupakwa mafuta, huelekezwa kwenye kamera. Tukiuruhusu uso uanze kutoa taarifa, mikono itafanya nini?"

Semeni alitaka kusema kwamba mikono imelala, lakini alikuwa anatazama dirishani, upande wa ukuta.

"Jumatano utakaa kigodani wewe. Ujiandikie mwenyewe, uandike vizuri kama kawaida yako, na yatakwisha." Akainuka kumsindikiza, uso umechangamka. "Halafu siku hiyohiyo Mheshimiwa Waziri atakuwa juu ya ukuta na bendi. Umesikia? Bwawa limejaa kwa mara ya kwanza tangu lijengwe. Mpaka mdomoni!"

*

"Gauni la buluu," Bi. Salha aliwasimulia wa redioni Jumatano. "Kola imekunjika upande mmoja, sijui ni haraka au ni jeuri. Huyu, wapendwa, ndiye aliyekuwa akiwaandikia wenzake. Leo tumtazame yeye."

Kigoda kikazunguka. Semeni aliona studio ikipita, kioo kikipita, dirisha kubwa likipita na Bondeni yote chini yake, mabati yakimeta, na nyuma ya mabati ule ukuta. Kisha studio tena. Hakujua kwamba kinatia kichefuchefu. Hakuwahi kuwauliza.

Kamati zikamsema. Pua yake. Kujifanya kwake msomi. Mji mmoja ulidai kwamba stashahada haijawahi kumpikia mtu wali. Mama yake hakupiga simu, na watu waliisifu Bondeni kwa staha hiyo.

"Haya, mwanangu," alisema Bi. Salha. "Soma."

Alikuwa na kurasa tatu mkononi. Zilikuwa nzuri, alizijua kwa moyo, na alijua pia kitakachotokea: Bondeni watalia, watampa tisa na nusu, wataweka sufuria motoni, na jikoni kutaendelea kuvuja. Akazikunja mara mbili, akazikalia.

"Siombi radhi."

Bi. Salha akatabasamu. "Mwanzo mzuri. Endelea."

"Nimemaliza."

Hapo ndipo nchi ilipotega sikio. Mtu aliyekuwa akinyoa aliacha nusu ya kichwa. Fundi cherehani mguu ulimganda juu ya kanyagio. Kwa mara ya kwanza, maneno ya mwanamke hewani yalikuwa yamesikika kama yalivyo, kwa sababu yalikuwa mabaya.

Semeni akaliona hilo usoni mwa Bi. Salha, na mara akajua la kufanya.

"Na watu wa Bondeni ndio siwaombi kabisa," alisema akikisogelea kinasa sauti. "Kamati ya Macho ya Bondeni ina macho ishirini na manne, na hayajaona maji yanayotoka jikoni mwao wenyewe. Wanajua buti za mwenzao, hawajui ukuta wao. Ni waoga wote, mmoja mmoja. Mwenye uchungu anifuate huku kilimani anionyeshe. Mimi nipo hapahapa."

Simu zililia mpaka taa zake zote zikabaki zimewaka. Sauti ya kwanza aliifahamu kabla haijatamka neno.

"Semeni! Mimi mama yako nakusikia!"

"Shikamoo, mama."

"Usiniamkie! Unanivua nguo mbele ya taifa? Nakuja huko nikuzabe makofi kwa mkono wangu!"

"Njoo, mama. Lakini peke yako utanizaba mangapi? Kamati yako inakuogopa, haitakufuata."

"Inaniogopa? Hawa hapa wameshajifunga vibwebwe! Mtaa mzima unakuja!"

"Na watoto mtawaacha na nani?"

"Waje waone mtoto asiye na adabu anavyofunzwa!"

"Na bibi?"

"Bibi yako yupo kitandani, unajua."

"Bibi ndiye aliyenipa hili jina. Kama nimelichafua, aje anivue yeye. Au huwezi kumbeba?" Akautazama ukuta dirishani. "Basi, mwache. Kumbe ulikuwa unajisifu tu."

"Nisiweze? Mimi? Nitambeba mgongoni, shetani wee! Usiondoke hapo!"

*

Kutoka Bondeni mpaka Kilima cha Minara ni mwendo wa saa moja, na zaidi ukiwa umebeba mtu.

Bwana Msabaha aliingia studio jasho likimtiririka, akaamuru kipindi kifungwe. Fundi mitambo akamwonyesha sheria. Saini ya waziri ilihitajika, na waziri alikuwa juu ya ukuta na bendi, hapokei simu.

Ripota aliyetumwa barabarani alitangaza kwa furaha kwamba hajawahi kuona umati kama ule. Wanawake mbele na michi ya kutwangia. Wanaume nyuma, wamekuja kuangalia. Watoto, mbuzi, wazee ndani ya mikokoteni, maana hakuna aliyetaka kusimuliwa. "Bondeni nzima!" alipiga kelele. "Kumebaki kuku!" Kila kundi lilikuwa na redio, na kila redio ilikuwa imefunguliwa kwa Semeni.

Kila walipopunguza mwendo, Semeni aliwatafutia tusi jingine. Alizitaja pilau zao zisizoiva, nyimbo zao za harusi, ukumbi wao uliopakwa rangi upande unaoonekana na barabara tu. Hakuwahi kutumia stashahada yake vizuri namna ile. Hamsini na tano... sitini na mbili... fundi alikuwa akihesabu dakika kwa kunong'ona, hakuna aliyemwomba.

Kisha ripota akasema, "Wamesimama. Wapo kwenye kona ya chini ya kilima, mahali palipoinama, bado sawa na Bondeni. Jua kali, watu wamechoka. Wanasema akiomba radhi sasa hivi, hata neno moja tu, watamsamehe na kurudi kupika."

Bwana Msabaha akaweka karatasi mbele ya Semeni. Ilikuwa na neno moja, limechapwa vizuri, lina nembo juu na mhuri chini. "Neno moja, binti. Hutapelekwa Nyumba ya Tabasamu. Nakuapia."

Bi. Salha akafunika kinasa sauti kwa kiganja. Sauti ya kufunikia mtoto shuka haikuwapo tena, ilikuwa sauti ya mtu mzima aliyechoka. "Omba tu, mwanangu. Mimi nimeomba mara kumi na nne kabla hawajanipa kiti hiki. Haiumi sana."

Semeni alitazama dirishani. Kwenye kona, chini, aliona doa la rangi nyingi limetulia barabarani, na mbele yake kabisa mtu mmoja aliyeinama, amebeba mtu mwingine mgongoni. Mbali nyuma yao bendi ilikuwa ikipiga. Ghafla kunguru wote wa Bondeni waliruka kutoka mabatini kwa pamoja, wakapaa, na hawakutua. Bendi ikanyamaza katikati ya wimbo.

Kigoda kilitikisika kidogo chini yake, bila mtu kukizungusha.

Akautoa mkono wa Bi. Salha juu ya kinasa sauti, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Mama, umechoka?" alisema. "Nilijua hutaweza. Nisikilize vizuri, wewe na kamati yako na Bondeni yenu nzima, msije mkasema hamkusikia. Sikuomba jana, siombi leo, na mkikaa hapo mkisubiri mtakaa mpaka muote mizizi. Pandeni mnifuate.

"Siombi radhi."